Kikundi cha Uliza Kwanza

Chumba cha kuanikia nguo cha bweni la chuo kilikuwa na paa la plastiki nyeupe, na jua la mchana likishapita humo halichomi tena, limegeuka maziwa. Mashuka yalining'inia ukuta hadi ukuta, yakipumua polepole. Ukiingia, unajiona kama umekanyaga ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Humo ndimo walimokutania wanafunzi wa kikundi cha Uliza Kwanza. Kazi yao ilikuwa kuwaelewesha wenzao chuoni kwamba mtu haguswi mpaka akubali, na kwamba aliyenyamaza hajakubali. Walikuwa na utaratibu wao: kila mmoja husimama nyuma ya shuka na kusema yaliyomkuta, asione macho ya watu wala watu wasione machozi yake. Wakimaliza, wote hupenya mashuka na kukumbatiana, mmoja mmoja, ndipo hutawanyika. Nani aliuanzisha mtindo huo, hakuna aliyekumbuka. Mwenyekiti ndiye aliyeupenda kupita wote. Alikuwa binti mkunjufu, mwenye mikono mirefu, na akikukumbatia mbavu zinajua.

Jumanne moja alikuja msichana wa mwaka wa kwanza, sauti yake ndogo kama ya mtu anayesali peke yake. Wakamwita Mpole. Nyuma ya shuka alieleza kwamba msimamizi wa maabara humshika bega, kisha kiuno, eti anamwelekeza namna ya kutazama kwenye hadubini. Akamalizia, "Ijumaa nitakwenda kwa mlezi wa wanafunzi, nimwambie mwenyewe."

Mwenyekiti alisisimka. Minong'ono juu ya bwana yule ilikuwapo miaka nenda rudi, lakini kila aliyetakiwa kusema aliingia mitini, na bila mtu wa kusema kwa kinywa chake, bwana aliendelea kudunda na koti lake jeupe. Akapenya mashuka, akamkumbatia Mpole kwa nguvu zake zote.

Alhamisi Mpole hakuja.

"Huyo keshaingia mitini," alisema Kinanda, kijana aliyepewa jina hilo kwa sababu hakujua kunyamaza.

"Ishia hapohapo, wewe."

"Nasema tu, dada. Au ulimvunja mbavu juzi, yuko zahanati?"

Vicheko vikazagaa nyuma ya mashuka. Mwenyekiti naye alicheka, kisha akaacha ghafla. Alikumbuka mwili ule ulivyokuwa mikononi mwake, mkavu kama ubao wa kupigia pasi. Siku ile alidhani ni huzuni.

Alitoka kumtafuta Mpole, akamkuta uani, bombani, akifua. Mapovu ya sabuni yalipaa kwenye mwanga, yakapasuka bila sauti.

"Hujambo, mdogo wangu. Mbona umetutupa?"

"Sijawatupa, dada. Nimechoka kushikwa."

"Amekushika tena yule?"

"Wewe."

Maji yaliendelea kuchuruzika.

"Lakini mimi nilikukumbatia kwa upendo!"

"Naye husema ananisaidia." Mpole aliongea bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Nimesimama pale nasema sitaki kushikwa. Sijafuta hata machozi, mikono yako hii hapa mwilini! Nikajiuliza, kama wenye Uliza Kwanza hawaulizi, huyo mlezi atanisikia?"

Mwenyekiti alikuwa na ya kujibu tele: kwamba yeye ni mwanamke mwenzake, kwamba kwao wamelelewa hivyo, kwamba hakuwa na nia mbaya. Yote yalifika kwenye ulimi, na alipoyatazama aliona ni maneno yaleyale ya bwana wa maabara, yamevaa gauni.

"Nimekukosea," alisema. "Nisamehe. Na kesho usiende kwa ajili yetu. Usipokwenda, hakuna atakayekunyooshea kidole."

Mpole alikamua blauzi, akaikung'uta. "Nikitaka wa kunisindikiza?"

"Utaniambia niishie wapi."

Jioni aliwaeleza wenzake, akasema kukumbatiana bila kuuliza basi. Kinanda akadakia, "Sasa tuagane vipi, kwa kupungiana leso?" Lakini nyuma ya shuka moja sauti ilisema, "Hata mimi sikuupenda mtindo huo." Na nyingine, "Mimi tangu mwaka jana." Kinanda akanyamaza, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

Ijumaa ujia wa ofisi ulikuwa umepigwa deki, maji hayajakauka, na madirisha yote yalilala sakafuni kama kwenye kioo. Mpole na Mwenyekiti walitembea kama watu wanaovuka juu ya mawingu, wameachiana nafasi ya mtu wa tatu. Usiku kucha Mwenyekiti alikuwa amepanga ya kumwambia mlezi.

Mlangoni Mpole akageuka. "Wewe ubaki hapa."

"Hapa nje?"

"Kwenye benchi."

Mwenyekiti alitii. Akaketi, mikono ameikalia. Mlango ukafungwa. Ndani kukawa kimya, mlezi akakohoa, kimya tena, kirefu cha kutisha. Huyo msichana akikosa sauti sasa, Jumatatu bwana yule atakuwa nyuma ya mgongo wa mwingine. Miguu ya Mwenyekiti ilimvuta ainuke, agonge, aingie, aseme yeye. "Mungu wangu," alinong'ona, "mfungue kinywa, na mimi unifunge changu." Akabaki ameketi.

Ndipo ikaja ile sauti ndogo, ikijikwaa. Ikasimama. Ikaanza upya, na safari hii ilipita kwenye mbao za mlango wazi kabisa, mpaka mpiga deki mwishoni mwa ujia akasimamisha mkono:

"Nilimwambia sitaki. Naomba uandike hivyo, nilimwambia."