Kilima cha Ukumbini Thornby

Clifford Ogden alikuwa amepiga magoti tangu saa moja asubuhi, akipanga mabamba ya chuma ya ulingo wa roboti katika ukumbi wa kanisa wa Thornby, pima maji ya marehemu baba yake mkononi. Hakusaidiwa na mtu, kwa sababu hakumwamini mtu. Kwa kazi hiyo chama cha roboti kilimpa haki moja tu: kuchagua kona kabla ya wengine. Yeye huchagua nyekundu, iliyo karibu na sanduku lake la vifaa. Magoti ya miaka sitini na saba nayo yana haki zake.

Roboti yake iliitwa Beleshi. Mdomo wake ulilala chini kiasi kwamba karatasi isingepita. Miaka sita mfululizo imewachota wenzake na kuwasukumia kwenye shimo la kona ya bluu. Vikombe sita vimejipanga juu ya friji nyumbani, na mkewe huvifuta vumbi.

Sasa Pauline Sugden, mpishi wa shule, alitaka kiwekwe kilima katikati ya ulingo. Kikipitishwa, Beleshi atakwama kwenye mwinuko wa kwanza, na ubingwa kwaheri. Kura ilipigwa asubuhi hiyo hiyo kabla ya mapambano, watu saba, kwa chai. Meza iliwekwa ulingoni penyewe, maana ulingo ulishaumeza ukumbi mzima.

"Tumechoka kutazama roboti za kabari zikisukumana kama watu wanaogombea mlango," alisema Pauline. "Wekeni kilima tujue nani fundi na nani msukuma mkokoteni."

"Sakafu bapa haina mjomba, Pauline," alijibu Clifford. "Haimpendelei mtu."

"Isipokuwa wewe! Kila mwamba ngoma huvutia kwake, mzee."

"Nimetengeneza lifti miaka arobaini, bapa naijua. Kilima kikikuwasha hivyo, si ukipande mwenyewe?"

Watu wakacheka. Watatu wakanyoosha mkono kwa kilima, watatu kwa bapa. Ikabaki kura ya Clifford, naye alikuwa amekwisha kuitabasamia. Mwenyekiti, Bi Rosalind Tunnicliffe, akageuka kuandika, kiwiko chake kikalipiga birika.

"Jamani, samahani! Samahani sana!"

Chai ilimwagika katikati ya ulingo. Ikatulia kidogo, kisha ikashika njia yake bila haraka mpaka kona ya bluu, ikaanza kudondokea shimoni, tone baada ya tone. Mwenye macho haambiwi tazama. Hata Bi Rosalind aliacha kuomba samahani, jambo ambalo Thornby halijawahi kutokea.

Clifford akailaza pima maji sakafuni. Kiputo kikakaa katikati, kitulivu. Akaigeuza upande wa pili. Kiputo kikakimbilia ukingoni.

Fundi yeyote huigeuza pima maji kabla ya kuiamini; iliyo sahihi husoma vilevile pande zote mbili. Hii hakuwahi kuigeuza, kwa kuwa ilikuwa ya baba. Angeona ni kumkosea adabu. Akakumbuka siku yake mwenyewe ya mwisho kazini, pima maji ilipomponyoka ikaanguka kwenye shimo la lifti, ghorofa mbili. Aliifuta, akaona kiputo bado kimo, akashukuru. Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Akahesabu vikombe kichwani, vyote sita vya sakafu yenye mteremko, akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Ulijua?" Pauline aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Sikujua. Bora ningejua, ningekuwa mwizi tu. Sasa ni mwizi na fundi mbovu."

Pauline akaliinua birika, akalisimamisha mezani.

Bi Rosalind alikuwa amepiga magoti na kitambaa, akifuata mfereji wa chai. "Clifford, kura yako bado. Bapa au kilima?"

Clifford akaitia pima maji sandukuni, akalibeba sanduku, akavuka ulingo nalo mpaka kona ya bluu.

"Kilima," alisema. "Hicho angalau kila mtu anakiona. Na kona nyekundu leo ni yako, Pauline."