Ulimi wa Mutindi Kwenye Kaunta ya Soda

Jumanne hiyo lori la soda lilifika Kwa Ndululu saa mbili na dakika kumi, kama kila Jumanne. Kwa Ndululu ni soko la maduka sita, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kyuso. Wayua alikuwa nyuma ya nyumba akisugua sufuria kwa majivu. Alimwita binti yake Mutindi, wa miaka tisa, aje achukue uji. Mutindi alikuja, akasimama, akafungua mdomo. Ndani kulikuwa na meno, mengine yametoboka, lakini ulimi haukuwako. Mahali pake palikuwa wazi na pasafi, kama mahali palipoondolewa kiti.

Wayua alinawa, akamshika mtoto mkono, wakaenda kuutafuta.

Hawakwenda mbali. Ulimi ulikuwa dukani kwa Qamar, juu ya kaunta, karibu na friji, umelala kwenye kisahani. Qamar alikuwa ameufunika kwa chujio la chai ili nzi wasiukalie.

"Mimi sijamuita, Mama Mutindi," Qamar alisema. "Nimefungua duka nikamkuta hapo. Hata amenisalimia vizuri."

"Habari ya asubuhi, mwaitu," ulimi ulisema kwa sauti ya Mutindi. Mwaitu ni mama.

"Rudi kwa mdomo, shule inaanza."

"Huko sirudi. Huko kutaletwa maji."

Mutindi alitazama viatu vyake. Wayua alinunua kiberiti, kwa sababu hakupenda kuingia dukani kwa mtu bure, akampeleka mtoto shule. Mwalimu aliita majina, akaandika kwenye rejista: Mutindi yupo, ulimi haupo. Alisema huo ulikuwa wa tatu muhula huo.

Mchana, kwenye dispensari, nesi, mama mmoja mnene anayeitwa Nthiwa, alimulika mdomo kwa tochi.

"Huyu anakunywa nini?"

"Soda. Na juisi ile ya kuchanganya."

"Na maji?"

"Si hiyo juisi iko na maji ndani?"

Nthiwa alizima tochi. "Ulimi ukitoka haufi," alisema. "Lakini ukikaa nje mpaka ndengu zivunwe, unasahau mdomo wake. Unabaki wa duka. Ufundishe maji, mama. Maji na chakula cha nyumbani. Usichelewe."

Ndengu zilikuwa zimetoa maua.

Wayua alikaa kwenye benchi la dispensari na akafikiria. Maji ya kisima cha soko yana chumvi. Ukipika nayo chai ya maziwa, maziwa hukatika. Mutindi alipoachishwa kunyonya, alionjeshwa maji hayo akayatema, basi Wayua alifanya kama kila mama wa Kwa Ndululu: aliweka kijiko kimoja cha juisi nzito ya machungwa ndani ya jagi. Baadaye vikawa viwili, baadaye akawa anamimina bila kijiko. Mgeni naye akija hupewa soda, kwa maana kumpa mgeni maji yale ni kumwambia aende. Na mtoto hunywa pamoja na mgeni. Hakuna aliyeona kosa hapo. Mtoto alikunywa, mama akashukuru Mungu. Hivyo Mutindi alifika miaka tisa bila kuwahi kunywa maji peke yake, na mama yake hakujua mpaka siku hiyo kwenye benchi. Wewe uliye na mtoto mdogo, hesabu leo. Usingoje benchi.

Jioni hiyo aliufunga ulimi ndani ya leso, akaufikisha nyumbani, akautia ndani ya kikombe cha maji ya kisima bila kitu chochote. Ulimi ulipiga kelele mpaka kuku wakahama uwanja. Kesho yake saa sita ulikuwa umerudi dukani. Njiani uliacha alama nyembamba kwenye mchanga, kama ya konokono.

"Mama Mutindi!" mchinjaji alimwita kutoka dirishani mwake. "Ati umeshindwa na nyama robo kilo?"

Watu walicheka. Wayua pia alicheka kidogo, halafu akaenda nyuma ya bucha akalia.

Wiki ya pili ulimi ulikuwa umezoea kazi. Ulikaa kwenye kisahani chake ukiita wateja: "Soda baridi iko! Karibuni, leo hakuna foleni!" Soda zilikuwa zikiisha kabla ya Ijumaa. Qamar aliona aibu.

"Haki sipendi," alimwambia Wayua. "Lakini nitamfunga mdomo aje? Hana mdomo."

Baba ya Mutindi anaitwa Kyule. Anapika chapati kwenye hoteli moja ya madereva huko Mtito Andei, na kila Jumapili saa kumi hupiga simu. Jumapili hiyo Wayua aliweka simu kwenye sikio la mtoto. Kyule aliongea, Mutindi akapumua. Kyule aliuliza, Mutindi akapumua. Wayua akachukua simu akaenda nayo dukani, akaishika juu ya kisahani.

"Baba, utaniletea soda gani?" ulimi uliuliza. "Ile nyekundu ama ile nyeusi?"

 Kyule akasema, "Wayua, huyo si mtoto wangu anaongea. Hiyo ni duka."

Aliyemsaidia Wayua ni mama mkwe wake, Mbithe, ambaye watoto humwita Susu, yaani nyanya. Alikuwa amekaa kivulini akipepeta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na hata hakuinua uso.

"Ule mwaka wa kiangazi ng'ombe alikufa, ndama akabaki. Nani alimfundisha kunywa kwa ndoo?"

"Ni mimi, Susu."

"Ulimpiga?"

"Hapana. Nilimpa kidole."

"Basi. Ulimi ni ndama tu. Na usimpe ile maji ya chumvi. Hata mimi naikunywa kwa sababu nimezeeka."

Wayua alikumbuka. Unachovya kidole kwenye maziwa, ndama ananyonya kidole. Unashusha mkono polepole mpaka kidole kiingie ndani ya ndoo, ndama bado ananyonya. Halafu siku moja unatoa kidole, na ndama hajui kimeenda wapi. Anakunywa.

Kilichobaki ni maji. Jumatatu, jua likichomoza, aliweka mitungi minne kwenye punda akaenda mtoni. Mto ule hauna maji juu, una mchanga. Ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na kule unachimba mchanga mpaka kiunoni, unangoja maji yatulie, unateka kwa kibuyu. Hayana chumvi. Aliyafikisha nyumbani, akayamimina kwenye chungu cha Susu, yakapoa.

Saa kumi na moja Qamar alifunga hesabu zake, akaleta ulimi mwenyewe, kisahani mkononi.

"Mfanyakazi wangu huyu hapa. Kesho asubuhi namhitaji, ama simuhitaji. Wewe ndiye utaniambia."

Wayua alichovya kidole kwenye soda. Ulimi ulikishika na kunyonya kwa nguvu. Alishusha mkono kwenye bakuli la maji. Ulimi ulitema, ukatukana kidogo, ukataka kidole tena. Wakafanya hivyo mara saba. Mutindi alikuwa amekaa karibu kwenye kigoda, mdomo wazi, akiangalia.

Kila asubuhi ulimi ulirudi kazini na kila jioni Qamar aliuleta. Wayua hakuukataza duka tena. Siku ya tisa kidole kilikuwa cha nusu soda, nusu maji. Mutindi naye alikula kila kitu alichopewa, muthokoi, ndengu, sukuma, kwa kuwa hakuna aliyekuwapo wa kukataa. Alianza kunenepa mashavu. Zamani alikuwa akilala darasani kila saa nne; sasa hilo liliisha.

Siku ya kumi na sita kidole kilikuwa kimeoshwa tu. Ulimi ulinyonya, ukasimama, ukanyonya tena.

"Hii ni nini?"

"Ni kidole."

"Na hii yenye iko chini?"

"Maji."

"Ya nani?"

"Yako," Wayua alisema.

 Siku iliyofuata Susu aliuwekea kipande cha papai. Ni papai la mti uleule wa nyuma ya choo, ambalo Mutindi alikuwa akisema lina ladha ya sabuni. Ulimi ulililamba mpaka ganda.

"Kwani mmeweka sukari?"

"Nani ako na sukari ya kuweka kwa papai?" Susu alisema. "Ni wewe ulikuwa umelewa."

Lakini asubuhi ulimi ulirudi dukani tena, na ndengu zilikuwa zimekauka. Maganda yalikuwa meusi. Majirani walivuna. Shamba la Wayua pekee lilibaki limesimama, kwa maana nesi alisema mpaka zivunwe, na mchana ungesikia maganda yakipasuka na ndengu zikidondoka chini.

"Mama Mutindi, ndengu zako zinaisha!" watu walimwambia njiani. "Kwani unangoja malaika waje wavune?"

"Wacha zipasuke," Wayua alijibu, akapita na punda wake.

Alipiga magoti kila usiku na alfajiri akaenda mtoni, na shimo la mchangani lilizidi kuwa refu. Siku nne alingoja hivyo.

Jumatatu, saa saba, jua likiwa kali hata mbwa wameingia chini ya meza ya mchinjaji, Qamar alikuwa akipanga chupa na friji iko wazi. Ulimi ulishuka kwenye kaunta. Ulipita mbele ya friji, baridi ikaugusa, haukusimama. Ulifuata njia yote ya mchanga moto mpaka uwanja wa Wayua. Mutindi alikuwa ametumwa nyumbani na mwalimu kuchukua kitabu. Alikuwa amesimama mlangoni. Ulimi ulipanda soksi, ukapanda sketi, ukapanda vifungo vya shati kimoja kimoja, ukaingia.

Mutindi alifunga mdomo. Alimeza mate. Akasema, "Mwaitu, niko na kiu."

Wayua alimtekea kibuyu kutoka kwenye chungu. Mtoto alikunywa chote, akapumua, akaomba kingine. Susu alichukua panga na kikapu, akasema, "Sasa twende tukavune hizo zimebaki." Zilizobaki zilikuwa kama nusu. Walizivuna mpaka jioni, na Wayua aliimba wimbo wa kanisani vibaya, akiruka maneno, na hakuna aliyemrekebisha.

Jumapili saa kumi simu ililia.

"Baba," Mutindi alisema, "umeshindaje? Mgongo bado unakuuma?"

Kyule aliisogeza simu sikioni. Nyuma yake mtu alikuwa akipiga kelele kwamba chapati zinaungua.

"Wacha ziungue," Kyule alisema. "Niongeleshe tena."

Ulimi haujatoka tangu hapo. Mutindi akipita mbele ya friji ya Qamar, ulimi hugonga meno kidogo kwa ndani, mara moja au mbili, kama mtu anayesalimia jirani, halafu unatulia. Siku ya wageni anakunywa soda moja na kuacha nusu.

Jumanne lori lilifika saa mbili na dakika kumi. Pale sokoni kuna mfereji wa bomba. Miaka minne iliyopita mabomba yaliletwa kutoka mbali, utepe ukakatwa, watu wakapiga makofi, na maji matamu yakatoka siku hiyo moja. Sasa watoto hutundika sweta juu yake. Wayua alipita hapo na punda, Mutindi kando yake na mkoba wa shule, akiongea mambo ambayo hakuna aliyemuuliza, na mama yake hakumwambia anyamaze.

Mlangoni kwa Qamar alisimama Wavinya, mama kijana, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni. Kwenye kaunta, chini ya chujio, kulikuwa na ulimi mdogo kama jani la mkwaju. Ulikuwa haujajua kuongea bado. Ulikuwa ukinyonya hewa tu.

"Mama Mutindi, wanasema ni kidole," Wavinya alisema.

"Ni kidole. Na maji ya mtoni, si haya ya hapa."

"Ni mbali?"

"Saa mbili kwenda."

Wavinya alitazama lori. Makreti yalikuwa yakishushwa, hatua kumi kutoka aliposimama. Akatazama punda.

"Sina mitungi."

"Chukua miwili yangu," Wayua alisema.

Mutindi aliingia shule, nao wawili wakashika njia ya mtoni. Nyuma yao lori lilikuwa limemaliza kushusha, na njia ni moja. Dereva alipiga honi. Wakavuta punda pembeni, wakapisha.