Ubavu wa Tairi

"Rudisha kisu mfukoni kabla hujanitia hasara," mwenye duka alisema.

Ndululu hakukusudia kukata kitu. Alikuwa akigonga tu ubavu wa tairi mpya kwa mpini, ameinamisha sikio kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto. Anagonga, anasikiliza, anasogea shubiri moja, anagonga tena. Alikirudisha kisu katika mfuko wake wa ngozi bila kubishana, akaendelea kwa kidole gumba.

Nje ya duka, karibu na reli katika mji wa Sultan Hamud, lori la Hirsi lilikuwa limepandishwa juu ya mawe, halina mguu hata mmoja. Hirsi alikuwa Msomali, mchuuzi wa mbuzi aliyegeuka mchukuzi wa mahindi tangu nzige walipomaliza mashamba ya Mukuyuni. Safari mbili zilizopita tairi zilimpasukia njiani. Mara ya kwanza magunia yalilala porini siku nne. Mara ya pili yalilala siku tisa, na mchwa wakayala hata mahindi yakamwagika mchangani. Mukuyuni watu walikuwa wakichemsha majani. Basi Hirsi aliwaambia wazee waziwazi kwamba akipasukiwa tena atarudi kaskazini kwa mbuzi wake, na watafute mchukuzi mwingine. Mwingine hakuwako.

Ndiyo sababu alimpakia Ndululu katika lori mpaka hapa. Ndululu hakuwa dereva wala fundi wa magari. Alikaa sokoni Mukuyuni juu ya gogo, akikata viatu kutoka tairi kuukuu, viatu ambavyo nusu ya soko ilivivaa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hata Jumapili kanisani.

Mwangangi, dereva, hakupendezwa na safari hii ya mshona viatu. Yeye alikwisha kuchagua: tairi nne zenye meno marefu, nyeusi, zinazong'aa kama pembe iliyopakwa mafuta. Ndululu alizitazama kwa heshima, akazibonyeza ubavuni, akaziacha. Alikwenda pembeni, kwenye tairi nne zilizokaliwa na vumbi kwa sababu hakuna aliyezitaka. Meno yake yalikuwa mafupi, na sura yake haikuwa na lolote la kusifiwa. Alizibonyeza hizo nazo, na safari hii kidole kilikataa kuingia.

"Hizi," alisema.

Mwangangi alicheka mpaka akaegemea mlango. "Mzee Hirsi, huyu anakula kwa tairi zilizokufa. Zisipokufa atakata nini? Umemwita fisi akuchagulie mbuzi wa kufuga."

Hirsi hakucheka. Alimgeukia Ndululu, akamwuliza kwa upole kama dereva amesema uongo.

"Hakusema uongo," Ndululu alijibu. "Nitakata nini, sijui."

Kisha akamwaga mfuko wake sakafuni. Vilitoka vipande vya mpira, vingi, vya marika yote, na akavipanga kimoja kimoja. Kila tairi iliyokufa kati ya Wote na Matiliku kwa miaka saba ilikuwa imepita katika mikono ile.

"Tazama, mzee. Watu huangalia nyayo. Mimi nyayo nimezikata viatu, kwa maana tairi ikifika kwangu nyayo bado ni nzima. Hakuna hata moja iliyoletwa kwangu kwa kuisha meno. Zote zilikufa hapa." Aliinua kipande chembamba cha ubavu, kimepasuliwa kama mdomo, nyuzi zikining'inia. "Barabara yetu haiumi kutoka chini. Inauma kutoka upande."

Hirsi alichukua kile kipande, akakigeuza, akaingiza kidole katika jeraha. Akamwambia mwenye duka ateremshe zile za vumbi.

Waliondoka na magunia arobaini. Ndululu alipanda juu ya mahindi, na chini yake alizisikia zile tairi kama mtu asikiavyo farasi asiyemjua. Walipita Matiliku salama. Kwenye mteremko wa Mto Kaiti, pale ambapo mawe meupe yametokeza ardhini kama meno ya mzee, lori liliteleza. Gurudumu la nyuma likatumbukia katika mfereji, likajisugua kwa jiwe kwa sauti ndefu ya kitambaa kinachochanwa.

Mwangangi alisimamisha gari. Kwa muda hakuna aliyeteremka. Wote watatu walingoja ule mluzi wa upepo unaotoka, mluzi walioujua vizuri, na kilichosikika kilikuwa njiwa tu.

Mwangangi ndiye aliyeshuka wa kwanza. Alipiga magoti, akafuta vumbi ubavuni kwa mkono wa shati lake. Kulikuwa na mkwaruzo mrefu kama mkono, mweupe, lakini uzi haukuonekana. Alikaa pale akiupapasa, kisha akainua macho kwa mtu aliyekuwa juu ya magunia.

"Fundi," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Umelifunga duka lako mwenyewe."

Jioni ile Mukuyuni ilisikika harufu ya ugali. Hirsi alimwachia Ndululu tairi nne kuukuu zilizovuliwa kwenye lori, na Ndululu alizikata taratibu, kwa uchoyo, hata pindo la mwisho. Lori lilipita wiki baada ya wiki. Muthoki, mke wa Ndululu, alimwuliza lini litapasukiwa, akajuta kuuliza, akaenda kuteka maji.

Ndipo siku moja kando ya gogo hapakubaki mpira wa kukata. Ndululu alinoa kisu ingawa hakukuwa na kazi. Lori lilipita likielekea Wote, limejaa, na vumbi lilipotulia alisimama akaenda barabarani. Alichuchumaa kwenye alama mpya mchangani. Meno yalikuwa yameisha kabisa, na bado hakuna ubavu uliopasuka. Alama ilikuwa laini kama mkeka. Aliweka kiganja ndani yake. Mchanga ulikuwa bado na joto, na mbali, upande wa pili wa mto, injini ilikuwa inapanda.