Cheti cha Kifo cha Gisiri

Pauline alisukuma magogo mawili ya mwisho kwenye tanuru la bani, banda la kukaushia tumbaku, akayanusa majani yaliyoning'inia ndani. Moto huo ungefika saa nane mchana. Ukizimika, majani yangegeuka meusi. Alinawa masizi, akajifunga leso ya marehemu mama mkwe wake, akamwacha binti yake Caren kwa jirani.

Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo kwenda Kehancha kuomba barua ya chifu ya kutaja warithi. Bila barua hiyo korti ya Migori haigusi mirathi, na shamba la mama mkwe wake, Nyarangi, lingeandikwa jina la Maroa, shemeji wa marehemu. Maroa alishapigilia vigingi vinne uani kwa Pauline, mahali atakapojenga.

Pauline alimkuta Maroa ofisini kwa chifu, amenyoosha miguu kwenye benchi.

Zamu yake ilipofika saa saba, karani Osoro alivuta fomu. "Haya, dada. Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Mkamwana wake," Pauline alisema, macho sakafuni.

"Ongea, hapa si kanisani. Bwana yako anaitwa nani?"

"Gisiri."

"Kitambulisho chake?"

"Hana."

"Yuko wapi?"

Pauline alikaza fundo la leso.

"Mwambie yuko wapi," Maroa alidakia. "Hata sisi tunamtafuta."

"Hakuzaliwa," Pauline alisema.

Kalamu ya Osoro ilisimama.

Nyarangi hakujaliwa mtoto. Alipofiwa na mume, alitoa ng'ombe wake mwenyewe kumi na wawili akamwoa Pauline kwa ndoa ya nyumba ntobu, kama mila inavyomruhusu mwanamke asiye na mwana. Msichana huolewa na mwana ambaye angekuwepo, na watoto anaowapata kwa mwanamume yeyote huwa wa nyumba ile. Pauline alikuwa na miaka kumi na tisa, ameacha shule darasa la sita kwa kukosa karo. Alikuja na sanduku moja la bati.

Mama mkwe alimtaja Gisiri kama mtu aliyetoka kidogo kutafuta kuni. "Gisiri hapendi mboga ya chumvi nyingi." "Huo mlango, Gisiri angeshaufunga bawaba." Kwa maneno yake, Gisiri alikuwa mrefu, mcheshi, hamwinulii mke mkono. Mwanzoni Pauline alicheka. Miaka ilivyokwenda, akaanza kumngoja. Jioni akifunga ng'ombe, macho yalimponyoka yakaenda njiani. Caren alipozaliwa, aliitwa binti Gisiri, na bibi yake akaapa kwamba masikio ni ya baba mtupu. Sasa bibi amekwenda, na hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumsimulia habari za mumewe.

"Dada," Osoro alisema, "hata kwetu Kisii wazee walifanya hivyo. Mimi naelewa, fomu ndiyo haielewi. Kama bwana hayupo, lete cheti chake cha kifo."

"Ambaye hakuzaliwa atakufaje?"

"Basi lete cha kuzaliwa."

Benchi zima liliangua kicheko.

"Karani, usijichoshe," Maroa alisema. "Andika mfanyakazi. Alimpikia, akamfulia. Mimi nitamwachia kibanda mpaka avune."

Osoro aliinamisha kichwa. "Ukikubali hivyo, barua unaipata leo leo. Ukikataa, utachoka na njia." Aliandika *mfanyakazi wa nyumbani*, akaigeuza fomu, akasukuma kikopo cha wino. "Weka kidole."

Pauline aliutazama wino. Alikumbuka siku alipombeba mama mkwe mgongoni hadi zahanati, mwepesi kama tita la majani makavu, na sauti ile ikimwambia sikioni, "Wewe na Gisiri, msiuze shamba."

"Nipe kalamu," alisema.

"Kumbe unaandika?"

Aliyakata maneno *mfanyakazi wa nyumbani* kwa mstari mmoja mnyofu, kama mwalimu alivyowafundisha kukata kosa. Juu yake akaandika MKAMWANA. Penye jina la mume akaandika, herufi moja moja, GISIRI. Penye mahali alipo akaandika NYUMBANI.

Osoro aliisoma, akapumua. "Chifu hatapiga muhuri hapa."

"Najua."

"Sasa?"

"Nitarudi kesho."

Alifika nyumbani saa kumi. Tanuru lilibaki na makaa machache mekundu chini ya jivu, na majani ya safu ya chini yalikuwa yameanza kupiga weusi. Alizunguka nyumba akitafuta kuni. Hapakuwa na hata ukuni mmoja.

Akaenda uani. Vigingi vya Maroa vilikuwa vya mti mzuri, mkavu. Alikishika cha kwanza, akakitikisa huku na huku mpaka ardhi ikakiachia. Akang'oa cha pili, cha tatu, cha nne, akavitumbukiza vyote kwenye tanuru, akapuliza mpaka machozi yakamtoka.

Caren alirudi mbio kutoka kwa jirani, akasimama mbele ya mashimo manne.

"Mama, vile vijiti vya babu Maroa, nani amevitoa?"

Pauline alitazama njia, ilivyokuwa tupu hadi kona.

"Baba yako," alisema.