Antena Hii Haipimwi Bapa

Kofi la kwanza lilimkuta mchoraji wa antena ameinama, akisafisha printa ya wino wa fedha. La pili hakulihesabu. Alishajikuta sakafuni, damu inamchuruzika puani, goti la kaka yake limemlemea mgongoni.

"Mchoro wa kweli umemuuzia nani?"

"Sijauza, kaka."

"Usinifanye mjinga. Asubuhi nimepima antena zako zote nne. Zimekufa kama mende."

Kaka alikuwa na karakana, mdogo wake alikuwa na kichwa, na kwa miaka walikula sahani moja. Miezi minane mchoraji alihangaikia antena nyembamba kama ganda la kitunguu, za kuchapwa juu ya plastiki na kuvaliwa mkononi na wazima moto, zinase mtandao wa simu wa masafa ya juu kabisa. Wanunuzi wangefika saa nane. Wakizikataa, karakana inafungwa.

"Ulizipimaje?" aliuliza, mdomo umegusa saruji.

"Nilizilaza mezani. Ulitaka niziimbie?"

"Nimezikokotoa zikiwa zimezungushwa kwenye mkono wa mtu. Nyama na damu zimo kwenye hesabu. Ukizilaza bapa, masafa yanahama. Zikunje tu, uone."

Kaka alicheka cheko kavu. Alimwinua kwa kola, akamgandamiza kifua kwenye benchi, akakamata kidole chake cha kati.

"Kukunja? Haya. Samaki mkunje angali mbichi."

Kidole kilialika kama kijiti.

Mkono wa kushoto wa mchoraji ulipapasa benchi hadi ukakutana na chuma cha kulehemu, bado cha moto, akakishindilia kwenye paja la kaka yake. Suruali ikatoa moshi, kisha ngozi. Kaka alianguka chali, na kabla hajainuka kigoda kikamshukia begani, kikarudi tena, mpaka mkono wa upande huo ukalala.

Mchoraji alimkalia kifuani. Kwa meno na mkono mmoja alimzungushia antena kwenye kigasha, akaunga waya wa mashine ya kupimia. Kwenye skrini mstari ulitambaa, ukatambaa, halafu pale kwenye gigahezi ishirini na nane ukatumbukia kama jiwe kisimani: antena ilikuwa hai.

"Umeona?"

Kaka aliona. Sauti yake ikageuka asali. "Mdogo wangu, yamekwisha. Wakija, tutasema uliteleza."

Hilo "tutasema" lilimuuma mchoraji kuliko kidole.

Mlango uligongwa. Mchoraji aliibandua antena, akaikusanya na zile tatu, akakwapua kompyuta yenye michoro, akafungua. Wanunuzi, wanawake wawili wenye mikoba, walitazama damu kidevuni mwake, wakatazama mwanaume anayegaagaa nyuma yake.

"Antena ni hizi, na mwenyewe ni mimi," aliwaambia. "Tutazungumza njiani. Nipelekeni hospitali kwanza, halafu polisi."