Maji Yaliyomo Kwenye Zege

Saa moja kasorobo asubuhi Stamili aliweka ndoo yake ya lita ishirini chini ya ukuta wa mashariki wa kiwanda cha korosho kilichofungwa pale Newala, akakalia tofali kusubiri. Ukuta ukatoa jasho, kisha ukaanza kuchuruzika. Ndoo ilipojaa, akampisha jirani yake Shakila.

Kiwanda hicho ni zege tupu, hakijaonja plasta wala rangi, na alama za mbao za fundi zinaonekana mpaka leo. Kwa miaka arobaini watu walikiita Jeneza. Siku hizi vijana wa Dar wanakuja kukipiga picha, wanasema ni kizuri ajabu, mpaka unajiuliza kama wanaangalia kitu kilekile.

Wakati wa ujenzi, maji ya kukorogea zege waliyapandisha wanawake kutoka bondeni, kichwani, kwa ahadi kwamba kazi ikiisha watavutiwa bomba. Bomba halijaja. Sasa ukuta unarudisha maji, kila mwanamke ndoo zake alizobeba. Asiyebeba akikinga, anaondoka na ndoo kavu na maneno ya Shakila juu yake.

Jumatatu akafika mhandisi Gervas na katapila, amekuja kubomoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hilo katapila lisubiri. Maji yangu bado yamo humo."

Gervas akaweka sikio ukutani, akasikiliza. Akaandika kwenye fomu: jengo linatumika. Katapila likageuzwa. Stamili alifurahi mpaka akalia, wala hakujificha.

Mwezi uliofuata Gervas alirudi kubandika kibao cha kuhifadhi jengo. Kilimtaja aliyelichora na mgeni rasmi aliyelifungua. Wabeba maji hawakuwamo.

"Na bomba letu je?" Stamili akauliza.

"Mama, si mnapata ukutani?" Hakuwa anatania.

"Loo! Mama Wema, twende zetu," Shakila akamwambia Stamili, "huyu atatupandisha presha bure."

Stamili alilala na hasira zake. Asubuhi alikuja na ndoo mbili, kwa sababu ukuta wa kaskazini nao ulikuwa umeanza kutoa. Maji ya upande ule aliyabeba marehemu mama yake. Akakinga ndoo ya pili, na ukuta haukumbishia. Ikajaa. Akanywa funda moja, maji ya baridi.

"Ahsante, mama," akasema, akamwita Shakila amtwishe.