Sauti ya Mama Kwenye Wimbo wa Tisa

Nilimwibia mama yangu sauti, na kwa miezi minne niliishi kama mwizi anayelala nyumba moja na mwenye mali. Simu yake ikilia, nashtuka. Akirudi kanisani, namchungulia uso kwanza kabla ya kumwamkia, nijue kama ameambiwa. Sikuogopa kiboko, nina miaka ishirini na tisa. Niliogopa kwamba siku atakayojua atanitazama kama mtu wa kuja, ajifungie chumbani kwake, na niwe nimempoteza mama ningali naishi naye.

Tunaishi mtaa wa Kabiria, mimi na yeye tu. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Alikuwa Mkikuyu wa Riruta, mama ni Mkamba wa Machakos, na ndani ya nyumba walikutana katikati, kwenye Kiswahili. Basi nikakua na Kiswahili changu, na Kikuyu cha kuombea chai kwa shosho, mama yake baba. Kikamba mama alimwachia Mungu na dada yake wa Machakos. Kila siku saa kumi na moja alfajiri hupiga magoti kando ya kitanda akaomba kwa sauti, na anapofika mahali pa kukemea, sauti inashuka, inakuwa nzito, inakwaruza, hata vikombe vya kabatini vinalia. Jirani mmoja alihama, ingawa alisema ni shida ya maji.

Sauti hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi. Ninaimba kwenye bendi ya metali, muziki wa magitaa mazito na kunguruma, inayoitwa Kutu. Watu huniuliza nilijifunzia wapi kunguruma vile, mimi Waceke, msichana mwembamba wa mapokezi kwenye ofisi za Upper Hill, nami huwajibu kwamba nilijifunza mtandaoni. Uongo mtupu. Nilijifunza kitandani, blanketi limenifika kidevuni, sikio ukutani.

Mama alijua kwamba ninarekodi. Nilimwambia ni nyimbo za vijana, na kwa kuwa sikusema vijana gani, akajaza mwenyewe. Akawatangazia akina mama wenzake wa kanisa. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa naikanyaga polepole ili isiishe.

Mwezi wa pili tulikuwa kwenye studio ya Ndungu, prodyuza wetu, Kilimani. Bendi ni watu watatu: mimi, Thuo wa gitaa na Quincy wa ngoma. Nyimbo nane zilikubali. Wa tisa, unaoitwa "Alfajiri", ulikataa katakata. Gitaa lilikaa, ngoma zilikaa, lakini mwanzo wake ulikuwa mtupu.

"Hii wimbo inataka kitu ya kuogopesha kabla gitaa iingie," Ndungu akasema. "Na isikuwe ya kuigiza. Kitu ya ukweli."

Nilijua papo hapo ni kitu gani.

Kesho yake alfajiri niliweka simu sakafuni mbele ya mlango wa mama, nikaiwasha irekodi, nikarudi kitandani. Siku hiyo aliomba kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Alisihi. Alinguruma. Akanyamaza kabisa, kisha akaanza tena kwa kunong'ona, na ndani yake nikasikia jina langu. Nikajiambia, leo ameamka na upako. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyeokota pochi barabarani.

Pale studio Ndungu alisikiliza mara moja tu, akavua visikilizi, akajisugua mikono iliyosimama vinyweleo.

"Mathe yako anasema nini hapo?" Quincy akauliza.

"Anaomba tu. Ni Kikamba, mimi sijui."

"Si umuulize?"

"Nimuulize aje? Nimwambie nilimwekea simu kwa mlango?"

Hapo ndipo tulipoishia. Watu wanne wazima, katika mji ambao huwezi kutupa jiwe lisimpate Mkamba, na hatukumwuliza hata mlinzi wa getini. Ndungu akakata dakika moja, ile kali kuliko zote, akaibandika mwanzoni mwa wimbo.

Kisha nikaharibu mambo zaidi. Nilipojisikia nikiimba baada ya mama, nilijiona bandia. Nikasema nirudie. Nikarudia mwezi wa tatu. Nikarudia mwezi wa nne, na mwezi wa tano Ndungu akaanza kunipokea kwa kupiga miayo. Na kila Jumapili, akinimiminia chai, mama aliuliza jambo lile lile.

"Hiyo kurekodi yenu bado haijaisha?"

"Bado, mama."

"Haya. Itaisha tu."

Kila alipouliza nilidhani ananusa kitu, ananitega. Alikuwa anakonda, nikasema ni mfungo wa kanisa. Akaacha kuinua mkono wa kushoto kwenye kamba ya nguo, basi nikawa naanika mimi, nikijisifu moyoni kwamba mimi ni mtoto mwema.

Albamu ilitoka mwanzoni mwa mwezi wa sita. Ilipokewa vizuri kuliko tulivyotarajia, na hilo ndilo lililonitia hofu. Watu walikuwa wanatumiana. Aliyeandika vizuri kuliko wote mtandaoni alisema nyimbo nane ni za kawaida, lakini ule mwanzo wa wimbo wa tisa ulimlazimu kuwasha taa mchana. Mtu nisiyemjua aliuchukua akauweka kwenye video yenye picha za moto. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja: Emmah, mwenyekiti wa akina mama kanisani, ambaye simu yake ni kituo cha redio. Siku video hiyo ikimfikia, mama ataisikia sauti yake mwenyewe ikiombea moto.

Jumamosi mchana tukaizindua albamu katika ukumbi mdogo mjini, ghorofani, juu ya duka la viatu. Walikuja watu kama themanini, weusi tupu kwa mavazi, vichwa vikitikisika pamoja. Tulipofika wimbo wa tisa tuliiacha ile sauti ya mama itoke peke yake kwenye spika kubwa. Watu wakashangilia. Mwanamume mmoja mnene mwenye ndevu, aliyekuwa karibu na spika, hakushangilia. Alivua kofia yake akaishika kifuani.

Baadaye alinifuata nilipokuwa nakunja nyaya.

"Niaje, siste. Naitwa Musembi. Huyo mama wa ile ngoma ya mwisho, ni mtu mlimwambia aigize?"

"Kwa nini unauliza?"

"Mimi ni Mkamba wa Mwala. Nimeiskiza kwa simu nikajua ni kuigiza. Leo kwa hiyo spika nimeskia vile anapumua. Huyo haigizi. Alienda hosi?"

"Hospitali ya nini? Kwani anasema nini?"

Alinikodolea macho kana kwamba namfanyia mzaha. "Si nyinyi ndio mlirekodi? Hamjui?"

Nikatikisa kichwa. Basi akanieleza, macho yakiwa sakafuni.

"Anaambia Ngai, Mungu, ati yeye ameshika uvimbe kwa titi yake ya kushoto, iko kama njugu. Anasema hajaambia mtu. Anasema, ushikilie hii kitu isikue, mpaka mtoto wangu Waceke amalize kurekodi, nisimharibie kazi. Akimaliza nitaenda hospitali. Halafu anaanza kuikemea hiyo uvimbe. Hapo ndio ananguruma. Huyo Waceke ni nani?"

Nilikuwa nahesabu miezi kwa vidole. Wa tatu, wa nne, wa tano. Miezi niliyokuwa narudia na kurudia ili nisijione bandia, huku mama akimshikilia Mungu mkono asubiri, na mimi kila mchana nikila chakula changu kwenye dirisha la ofisi, nikiitazama hospitali kubwa iliyo ng'ambo ya barabara.

Thuo alinipeleka nyumbani kwa gari lake. Hofu niliyokuwa nayo asubuhi niliiona ya kitoto.

Mama alikuwa mezani anachambua maharagwe. Njiani nilikuwa nimetafuta uongo wa kunisaidia: nimwambie amekonda, nimbembeleze tukapimwe. Lakini namjua. Angesema ni mfungo, akanipa maharagwe nimsaidie, na mambo yakaisha hapo. Shahidi niliyekuwa naye ni mmoja tu, na ni yule niliyemwiba.

"Mama, uvimbe uko wapi?"

Mkono wake ulisimama. "Nani amekuambia kuna uvimbe?"

"Wewe."

Nikaweka simu katikati ya maharagwe, nikaucheza wimbo wa tisa.

Alijisikia akiomba. Uso wake haukubadilika, ila midomo ilianza kufuata maneno. Kisha ngoma za Quincy zikaingia, na gitaa, na mimi nikinguruma juu ya vyote. Nilingoja airushe simu ukutani. Hakuirusha. Alisikiliza dakika zote saba hadi mwisho, na mimi nimesimama mbele yake.

"Huyo wa pili ni nani?"

"Ni mimi."

"Ni wewe." Akaanza kuyakusanya maharagwe yaliyokuwa yametawanyika. "Hizo ndizo nyimbo za vijana?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa naongea na Mungu, Waceke. Sikuwa naongea na wewe. Watu wangapi wamesikia?"

Niliichukua simu, nikaizima.

"Umeniibia," akasema.

"Nimekuibia. Nichape, nifukuze, fanya unavyotaka. Lakini nionyeshe kwanza."

Alisukuma kiti nyuma, nikafikiri ndiyo ile siku niliyoiogopa imefika, kwamba atainuka ajifungie chumbani. Kisha akafungua vifungo vya sweta, akachukua mkono wangu, akauweka. Mkono wake ulikuwa baridi. Musembi alisema njugu. Haikuwa njugu tena, na kuelekea kwapani nilishika vingine viwili.

"Sasa si mmemaliza kurekodi?" akaniuliza.

"Tumemaliza, mama."

"Basi Jumatatu twende."

Jumapili hakuenda kanisani. Alfajiri ile sikusikia chochote kutoka chumbani kwake, na kimya hicho kiliniogopesha kuliko kelele zote nilizowahi kusikia humo. Nilijua nimemnyang'anya mahali pake pa kusemea. Nani ataomba kwa sauti tena, akijua mtoto wake huweka simu mlangoni? Mchana nikamwandikia Ndungu auondoe wimbo wa tisa mtandaoni, akauondoa saa hiyo hiyo, bila maswali.

Jumatatu niliamka kabla ya saa kumi na moja, nikalala macho wazi. Mlango wake ulilia. Nilidhani anaenda bafuni. Lakini hakutoka, aliuacha wazi, nikasikia magoti yakigusa sakafu.

Akaanza kuomba, na akaomba kwa Kiswahili.

Aliomba polepole, akitafuta maneno, kama mgeni anayeeleza njia. Hakukemea, wala sauti haikushuka.

"Baba, mimi ni Mbithe. Leo tunaenda, mimi na huyu mtoto. Nilikuwa nakuambia sijali. Si kweli. Naogopa. Naogopa daktari, na naogopa vile huyu atabaki peke yake, baba yake hayuko. Nimechelewa, najua. Asijilaumu. Mimi ndiye nilichelewa."

Nilielewa kila neno. Nikatoka kitandani, nikavuka mlango, nikapiga magoti kando yake. Alinyamaza, akaningoja nimalizie. Nilifungua mdomo, na sikupata sauti hata ya kusema amina.